Makali ya Macho, Makali ya Shoka

"Hebu rudia hapo kwenye shoka," mjomba aliniambia.

Ilikuwa baada ya Isha, barazani kwake Ngamiani, Tanga. Muuza kahawa alishapita, vikombe vimebaki na mashapo chini. Mjomba ni mtunzi wa zamani, wa enzi zile ukurasa wa mashairi gazetini ulipokuwa ukisomwa kabla ya habari za mpira. Ukimsomea shairi hufumba macho, na vidole vyake huhesabu mizani juu ya goti. Nilikuwa nimemletea tafsiri yangu ya beti mbili za Andrew Marvell, mshairi Mwingereza aliyezaliwa 1621. Nikarudia:

*Hakutenda jambo duni*
*siku ile jukwaani;*
*makali ya macho*
*yapima ya shoka.*

*Hakulilia mbinguni*
*haki isiyo na kani;*
*akalaza kichwa*
*kama kitandani.*

Vidole vilisimama. "Kina kimekufa kwenye shoka," akasema. Nikamwambia najua, nilishindwa kukiokoa. Akatikisa kichwa taratibu, akakaa kimya kitambo, kisha akauliza ni nani huyo anayelala. Nikamweleza: ni Charles wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, siku aliyokatwa kichwa na watu wake mwenyewe, tarehe 30 Januari 1649. Na shairi lenyewe si la maombolezo. Ni shairi la kumlaki na kumsifu Oliver Cromwell, jemadari wa Bunge lililopigana na mfalme, baadaye mtawala, na mmoja wa waliotia saini hati ya kumuua.

Mjomba akafumbua macho.

"Sasa huyu mtunzi kamsifu muuaji, au kamlilia aliyeuawa?"

"Vyote viwili, mjomba."

"Haiwezekani, mwanangu. Shairi la sifa lina mwenyewe."

Wiki tano zimepita. Kazi yangu ya mchana ni kutafsiri nyaraka za watu: vyeti, mikataba, hati za viwanja. Kila nikifika kwenye neno "pande zote mbili" namsikia mjomba. Shairi la sifa lina mwenyewe.

## Jibu lililonijia kwanza

Jibu jepesi ni kwamba Marvell alikuwa ndumilakuwili, na ushahidi haukosekani. Mwaka 1649 alitoa shairi la kufungulia kitabu cha Richard Lovelace, mshairi wa upande wa mfalme, aliyekuwa amewahi kufungwa London kwa kupeleka Bungeni ombi la kumtetea mfalme. Kiangazi cha 1650 akaandika shairi hili la Cromwell. Kisha akaenda Yorkshire kumfundisha lugha binti wa Jenerali Fairfax, ambaye muda mfupi tu kabla ya hapo alikuwa amejiuzulu ukuu wa jeshi kuliko kuivamia Uskoti, naye Cromwell akakishika cheo kile kile na kwenda kuivamia. Baadaye Marvell akamfundisha kijana aliyekuwa chini ya ulezi wa Cromwell, na 1657 akapata kazi serikalini. Ukiitazama orodha hiyo bila huruma, unamwona mtu anayeangalia upepo.

Na wenzake walikuwepo wa namna hiyo. Edmund Waller alimsifu Cromwell 1655, na mwana wa mfalme aliporudi kutawala 1660, akamsifu naye. Inasimuliwa kwamba mfalme mpya alimwambia shairi la Cromwell lilikuwa zuri zaidi, na Waller akajibu kwamba washairi hufanikiwa zaidi katika ubunifu kuliko katika ukweli. John Dryden naye: ubeti kwa ubeti wa kumwomboleza Cromwell 1659, ubeti kwa ubeti wa kumlaki Charles wa Pili 1660. Novemba 1658, katika maandamano ya mazishi ya Cromwell, Dryden, Marvell na John Milton walipangwa kutembea pamoja kama watumishi wa serikali. Washairi watatu wakubwa wa karne ile, katika msafara mmoja. Mmoja angegeuka ndani ya miaka miwili, mmoja angenusurika kitanzi, na wa tatu ni huyu ninayemtafuta.

Basi nikakubali. Nikaandika hata rasimu ya makala hii yenye jibu hilo. Niliifuta nilipofika kwenye jambo moja dogo la uchapishaji.

Shairi lile halikuchapishwa.

Marvell alikufa Agosti 1678 bila kulitoa kwa mchapishaji. Miaka mitatu baadaye mashairi yake yalikusanywa na kupigwa chapa, lakini kurasa za mashairi makubwa matatu ya Cromwell, hili likiwamo, zikaondolewa kabla kitabu hakijauzwa. Nakala chache mno zilisalimika zikiwa nalo. Wasomaji wa kawaida walilipata 1776, yaani miaka 126 baada ya kutungwa.

Sasa niambieni. Mtu anayejipendekeza hupeleka sifa mahali zinaposikika. Huyu alimsifu mshindi, akampa adui wa mshindi beti tamu kuliko zote, kisha akalifungia. Pengine marafiki wachache walilisoma likiwa mwandiko wa mkono. Lakini cheo hakikununuliwa kwa shairi hili, na nikaona nimemsingizia mtu.

## Gogo fupi

Nilirudi kwenye siku yenyewe, kwa sababu tafsiri yangu ya kwanza haikuwa na neno "akalaza". Nilikuwa nimeandika "akainamisha kichwa", kama Kiingereza kinavyosema. Kilinikera, sikujua kwa nini.

Januari ile ilikuwa na baridi kali. Mfalme aliomba mashati mawili: akitetemeka kwa baridi, watu wangedhani ni woga. Akapitishwa ndani ya ukumbi wa karamu wa kasri la Whitehall, London, chini ya dari ambayo yeye mwenyewe aliiagiza kwa mchoraji Rubens, inayomwonyesha baba yake akibebwa kwenda mbinguni. Nadhani hakuna binadamu aliyewahi kupita chini ya picha iliyomwelemea kama ile. Akatokea dirishani hadi kwenye jukwaa lililofunikwa kitambaa cheusi. Askari walilizunguka kwa wingi hivi kwamba umati haukuweza kumsikia, akazungumza na wachache waliokuwa karibu naye. Katikati ya maneno yake mtu mmoja akaligusa shoka. Mfalme akakatisha hotuba, akamwambia asiliumize shoka linaloweza kumuumiza yeye. Alihofia likipoteza makali, kifo chake kingekuwa kirefu.

Hapo ndipo macho yanapolipima shoka. Marvell hakubuni. Habari za siku ile zilichapishwa London mwaka huo huo, na mtu makini angeweza kuzisoma.

Niseme kidogo juu ya neno lile, maana lilinipa furaha ambayo sijaipata katika kazi hii kwa miaka. Mashairi ya Marvell yananukia Kilatini, na katika Kilatini kuna neno moja, *acies*, lenye kubeba ukali wa upanga, ukali wa jicho na safu ya vita. Kiingereza hakina neno hilo, ikabidi Marvell atumie maneno mawili, jicho "kali zaidi" na "ukingo" wa shoka, na kumwachia msomaji ayaunganishe mwenyewe. Kiswahili kinalo. Tunasema makali ya kisu na tunasema ana macho makali, wala hatutafuti. Nilipoandika "makali ya macho yapima ya shoka", lile "ya" la pili likalirudisha neno bila kulitaja, na fumbo ambalo Mwingereza alilazimika kulieleza likakaa lenyewe ndani ya upatanisho wa ngeli. Kwa hilo nilikiacha kina kife. Ningekiua tena.

Kisha gogo. Gogo la kukatia lilikuwa fupi mno. Mfalme aliuliza kama halingeweza kuinuliwa kidogo. Akajibiwa haliwezi. Kwa gogo la kimo kile mtu hapigi magoti, analala kifudifudi. Ilikuwa aibu, mfalme alazwe chini mbele ya watu. Na Marvell akaichukua aibu hiyo hiyo, akaifanya kitanda.

Nilifuta "akainamisha". Nikaandika "akalaza".

Philip Henry, mwanafunzi wa miaka 17 aliyekuwa katika umati, aliandika baadaye kwamba shoka liliposhuka maelfu waliokuwepo walitoa mguno ambao hajawahi kuusikia, na anaomba asiusikie tena. Marvell hakuandika mguno. Aliandika makofi: askari walioshika silaha wakipiga makofi kwa mikono yenye damu, na mfalme ni mwigizaji jukwaani. Kumbukeni kwamba Bunge lilikuwa limezifunga tamthilia za London tangu 1642. Zaidi ya miaka sita maigizo yamepigwa marufuku, na jukwaa kubwa linalofunguliwa mbele ya watu ni hili.

Wala huyu si mfalme wa wafuasi wa mfalme. Wao walikuwa tayari na chao, kitabu kilichotoka siku zile zile kwa jina la marehemu, chenye picha yake amepiga magoti anasali mbele ya taji la miiba. Kilichapwa zaidi ya mara 30 ndani ya mwaka mmoja, na Milton akaajiriwa kukijibu. Mfalme wa kitabu kile ni shahidi anayelia na Mola wake. Mfalme wa Marvell halii, haombi, hamlaani mtu. Analala. Marvell alimvua hata utakatifu, akamwachia adabu yake tu, ikatosha.

Nikampigia mjomba simu.

"Mjomba, nimepata. Alikuwa upande wa Cromwell. Ila hakutaka kumdanganya Cromwell kuhusu kile alichokiua."

Kimya. Kisha: "Hapo sawa. Umenisomea shairi lote?"

"Hapana. Nimetafsiri zile beti nzuri."

"Na zile mbaya nazo zina mwenyewe, mwanangu."

## Beti nilizoziruka

Shairi lina mishororo 120. Ukiigawa kwa minne minne, ni beti 30. Cromwell anaanza kama mtu aliyekuwa akiishi kimya bustanini kwake, kana kwamba mpango wake mkubwa kuliko yote ni kupanda mti wa pea. Kisha anageuka radi inayopasua wingu lililoizaa. Radi hailaumiwi, anasema Marvell, ni wazimu kuipinga. Haki inanung'unika dhidi ya majaliwa, inadai mambo ya kale bure, maana haki za kale hushika au huvunjika kadiri watu walivyo na nguvu au unyonge. Nilizipenda beti hizo. Zina ujasiri wa kusema kwamba kilichoshinda ni nguvu, bila kuipaka nguvu mafuta ya haki.

Kisha zinakuja beti za Ayalandi, nami nilikuwa nimezipita kila mara, kama unavyopita kijiji usikoshuka. Nilizitafsiri usiku mmoja wa Alhamisi. Hii ni mojawapo:

*Waloshindwa mashahidi,*
*sifaze wanazinadi:*
*ni mwema, wa haki,*
*cheo astahiki.*

Waairishi wenyewe, anasema, waliofugwa ndani ya mwaka mmoja, wanaona haya kwa walivyofugwa, na ndio wanaokiri kuliko wote jinsi Cromwell alivyo mwema na mwenye haki.

Mizani ilikaa. Vina vilikubali vyote vinne bila kunisumbua. Robo saa, nimemaliza.

Nikabaki nimekaa.

Cromwell alishuka Dublin Agosti 1649. Tarehe 11 Septemba askari wake waliingia mji wa Drogheda. Hatuhitaji maadui zake watueleze kilichotokea, maana aliandika mwenyewe kwa Spika wa Bunge: aliwakataza askari wasimwache hai yeyote mwenye silaha mjini, na anadhani usiku ule waliwaua kwa upanga kama watu 2,000. Wengine walikimbilia mnara wa kanisa la Mtakatifu Petro. Akaamuru uchomwe moto. Makasisi wa Kikatoliki waliopatikana waliuawa. Yeye aliiita hukumu ya haki ya Mungu juu ya washenzi hawa. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya mji wa Wexford. Na barua ile ya Drogheda haikufichwa: ilisomwa Bungeni, ikachapishwa London vuli ile ile, miezi kama tisa kabla Marvell hajaandika kwamba Waairishi wanashuhudia wema wake.

Mtu aliyeliona gogo kwamba ni fupi hakuuona mnara unaoungua.

Nilijaribu kumtetea. Wapo wanaosema beti hizi ni kejeli: mshindi ambaye mashahidi wake ni walioshindwa tu, hana shahidi. Ni hoja ya werevu, na nilitamani sana iwe kweli. Nilisoma beti zile kwa sauti, asubuhi na jioni, siku nne, nikitafuta mahali ambapo sauti inapinda. Kwenye beti za mfalme sauti inapinda kila mshororo: makofi, damu, shoka, kitanda. Huku haipindi. Inatiririka, inaendelea hadi Cromwell anaitua ushindi wake miguuni pa Bunge kama mwewe aliyefunzwa akirudi kwa mwindaji wake. Mshairi amepumzika hapa. Anaamini anachosema, au hajajisumbua kujiuliza kama anaamini, na sijui lipi linaniumiza zaidi.

## Mawe ya Alps

Labda ningemsamehe haraka kama nisingemkumbuka Milton.

Aprili 1655, majeshi ya Mtawala wa Savoy yaliwashukia Wawaldensia, Waprotestanti wa mabonde ya Piedmont, wakawachinja. Habari zilipofika London, Milton alikuwa kipofu tayari, akifanya kazi kwa Cromwell kama katibu wa lugha za kigeni. Alitunga barua za serikali za kulalamika kwa watawala wa Ulaya. Na pembeni ya kazi hiyo akaandika soneti, mishororo 14, inayoanza kwa kumwomba Mola alipe kisasi cha watakatifu wake ambao mifupa yao imetawanyika juu ya milima baridi. Ndani yake kuna mama anaporomoshwa majabalini pamoja na mtoto wake mchanga. Kila nikiusoma mshororo ule nasikia mawe.

Kipofu aliyaona mawe ya Piedmont kutoka London.

Mtu huyo huyo, 1649, aliagizwa na Baraza la Taifa aandike juu ya Ayalandi, akaandika nathari ya kiserikali iliyojaa dharau kwa Waairishi. Hakuna mama mle. Hakuna mtoto. Kulikuwa na sababu, na si vizuri kuificha: 1641 Wakatoliki wa Ulster, kaskazini mwa Ayalandi, waliinuka na kuwaua walowezi wengi wa Kiprotestanti, na kwa miaka minane vijitabu vya London viliizidisha idadi ya waliouawa hadi ikapita akili. Vijitabu vile vilikuwa na mama na watoto tele. Kufikia Cromwell anapanda meli, macho ya Waingereza yalishajaa maiti za upande mmoja. Nafasi haikubaki.

Hapo ndipo niliposhindwa kulala, kwa sababu nilikuwa nimejenga jibu zuri kwa mjomba. Nilitaka kumwambia kwamba mshairi wa kweli humwona hata adui. Charles alikuwa adui wa namna gani lakini? Alikuwa mfalme wa Waingereza, Mprotestanti wa kanisa la Uingereza, mtu ambaye sura yake ilikuwa kwenye sarafu za mfukoni mwa Marvell. Ni adui wa nyumbani. Ugomvi wa London na mfalme wake ulikuwa ugomvi wa ndugu, na ndugu hata ukimuua unajua alivyokuwa akilaza kichwa. Mkatoliki wa Drogheda hakuwa na sarafu. Dini ilikuwa imeshaamua nani ana uso kabla mshairi hajachovya kalamu.

Nilikuwa nimeuliza swali la mjomba kwa wiki tatu: alikuwa upande gani? Usiku ule swali likaniacha, likaja jingine. Alimwona nani?

Na hilo sina tena uhakika kama namuuliza Marvell peke yake. Mimi ndiye niliyezipita zile beti. Nilizipita mara ngapi, miaka mingapi, nikikimbilia shoka?

## Shauri jema mno

Sitaki kumwacha mtu huyu 1650, maana aliishi miaka 28 zaidi na hakuimaliza kivivu.

Ufalme uliporudi, mwili wa Cromwell ulifukuliwa na kutundikwa Tyburn, mahali pa kunyongea watu London, tarehe 30 Januari 1661, siku ile ile aliyouawa mfalme, na kichwa chake kikachomekwa juu ya ukumbi wa Westminster. Vitabu vya Milton vilichomwa na mnyongaji. Yeye akafungwa. Marvell wakati huo alikuwa mbunge wa Hull, kiti alichokipata mara ya kwanza 1659 na alichokuwa nacho hadi alipokufa. Angeweza kunyamaza, na kwa mtu aliyekuwa na mashairi matatu ya Cromwell nyumbani kunyamaza kungekuwa busara. Desemba 1660 alisimama Bungeni kulalamika kwamba Milton ametozwa ada ya jela ya pauni 150, kupita kiasi. Mbunge mmoja akajibu kwamba Milton anastahili kunyongwa. Marvell alisema aliyoyasema hivyo hivyo. Milton akaishi, na miaka saba baadaye tukapata utenzi wake mkubwa wa Adamu na Hawa, ambao mchapishaji aliununua kwa pauni tano za kuanzia.

Kisha 1672, katika kitabu cha nathari cha kuwatetea Waprotestanti walioteswa kwa kukataa kusali kwa namna ya kanisa la serikali, Marvell akaandika sentensi moja kuhusu vita vile vyote. Nadhani, alisema, lile shauri lilikuwa jema mno hata lisipaswe kupiganiwa. Watu wangemtegemea Mungu. Wangemwachia mfalme.

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko beti za shoka. Kuna wanaoiona ni woga wa mzee. Mimi naisikia sauti ya mtu aliyewahi kusema kwamba radi hailaumiwi, naye sasa amehesabu miti iliyoungua. Haitaji Drogheda. Ningetoa chochote kuiona imetajwa. Lakini kijana wa 1650 asingeweza kuiandika sentensi ile, na yule wa 1672 asingeweza kuandika tena ubeti wa mashahidi wanaonadi sifa.

Siwezi kulithibitisha hilo. Ndivyo ninavyomsikia.

## Barazani tena

Jumamosi iliyopita nilirudi Tanga. Nikasubiri muuza kahawa apite, nikamsomea mjomba shairi lote, beti 30, nzuri na mbaya. Alifumba macho. Vidole vikahesabu. Kwenye kitanda cha mfalme alivuta pumzi kama mara ya kwanza. Kwenye ubeti wa mashahidi vidole havikukwama hata mara moja.

"Huu umekaa vizuri," akasema. "Vina vyote vipo."

Nikamweleza uko juu ya nini. Barua ya Cromwell, watu 2,000 wa usiku ule, mnara wa kanisa. Nilieleza vibaya, kwa kurukaruka, na alinisubiri nimalize.

Akatafuta kofia yake, akaivaa, kama afanyavyo akitaka kuanza jambo. Hakuniuliza tena upande.

"Huo mji unaitwaje?"

"Drogheda, mjomba."

"Sema pole pole."

Nikasema pole pole. Akajaribu, akakosea, akajaribu tena, kidole kikigonga goti: Dro. Ghe. Da.

"Mizani tatu," akasema. "Unaingia."